Mfalme wa Hekta Tisa

Mume wangu ana mfalme. Nasema mapema ili usije ukadhani ni mimi niliyeanza ugomvi.

Mfalme huyo hana jina, hana kaburi, hana hata jino moja lililopatikana, lakini ameishi nyumbani kwetu miaka ishirini na minane. Anakaa nasi mezani, anakwenda nasi kuwatazama wagonjwa, na siku binti yetu alipohitimu ualimu alitajwa kwenye hotuba kabla ya mhitimu mwenyewe. Majirani wameshazoea. Wakimwona mume wangu anarudi na mkoba wake wa ngozi wanamwambia, "Shikamoo Profesa, mfalme hajambo?" Naye, badala ya kuona kwamba anataniwa, husimama pale pale njiani akawajibu kwa kirefu.

Habari yenyewe ni hii. Kuna bonde, na bondeni kuna mahame kumi na moja, yaani mahali palipokuwa na vijiji vya kale, watu wakahama, vikabaki vilima vya udongo na vigae vya vyungu. Ukitaka kujua kijiji cha kale kilikuwa na ukubwa gani, unatembea kutoka katikati kwenda pembeni huku umeinama, macho chini. Vigae vikiisha, kijiji kimeisha, unachomeka kijiti. Ukifanya hivyo pande zote unapata duara la vijiti, unalipima. Mahame kumi ya bonde lile yana hekta nne, nne na kidogo, tatu na nusu, yanafanana kama watoto wa darasa moja. La kumi na moja, tunaloliita Hame Kubwa, lina hekta tisa.

Basi hapo ndipo mfalme alipozaliwa. Mume wangu anasema vijiji vinavyojitawala hulingana, kwa sababu hakuna anayemnyonya mwenzake. Ukiona kimoja kimevimba mara mbili ya vingine vyote, ujue hapo ndipo kiti kilipokuwa, watu wakienda kushtakiana, kuomba ruhusa na kupeleka ushuru. Tena ana ushahidi. Upande wa mashariki wa Hame Kubwa, ule uliolifanya liwe kubwa, kuna vigae vya aina zote za bonde, kila kijiji kwa udongo wake. Ushuru, anasema. Na katika vigae hivyo, karibu kimoja kwa kila kumi kina nukta nyekundu upande wa ndani. Hilo ni fungu la kumi la mfalme, anasema, lililotiwa alama ghalani.

Yote hayo nilikuwa nayajua kwa kuyasikia, kama mtu anavyojua nyimbo za redio ya jirani. Kilichokuwa kikiniuma ni kitu kingine, kidogo, kilichokaa ukurasa wa sitini na moja wa kitabu chake, ambacho mpaka sasa hakijatoka. Hame Kubwa lilipimwa kwanza na mimi. Msimu wa kwanza, mwaka ule nilipomaliza chuo, nililizunguka kwa siku tatu juani, nikapata hekta nne na nusu. Miaka mitano baadaye, mimi niko nyumbani na mtoto mgongoni, wanafunzi wake wakalipima upya wakapata tisa. Kwa hiyo ukurasa wa sitini na moja, chini, kwa herufi ndogo, pameandikwa: "Kipimo cha msimu wa kwanza, kilichofanywa na msaidizi, kilikuwa na kasoro."

Sikubisha. Nilijiambia kweli, labda jua lilinipiga, labda nilichoka nikachomeka vijiti mapema. Mtu akikosea nusu nzima ya mji wa mfalme, hana haja ya kurudi bondeni. Nikaomba kazi ya kuchora vigae makumbusho, na huko ndiko nilikokaa mpaka leo, kwenye meza iliyoinama mbele ya dirisha, na penseli ngumu na kioo cha kukuzia.

Sasa Jumatano asubuhi mume wangu akaingia ofisini kwangu amekumbatia sanduku. Hajawahi kuniletea kitu kazini, hata mwavuli.

"Bibie," akasema, na akiniita bibie najua anataka kitu, "vigae vyenyewe hivi. Saba. Mhariri anataka michoro Ijumaa saa sita mchana, la sivyo kitabu kinakwenda mtamboni bila picha ya alama."

"Miaka yote hii havijachorwa?"

"Vilichorwa. Michoro imeliwa na mchwa. Tafadhali, usivikwangue, usivioshe, usivipumulie."

Hivyo vigae alikuwa amevifungia kwenye kabati lake la chuo tangu siku vilipookotwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukata hata punje ikapimwe. Mwanafunzi wake wa zamani, msichana ambaye sisi tunamwita Darubini kwa sababu ya kifaa anachotembea nacho, alikuwa ameomba kuviona mara nne, na safari hii wakuu wa chuo walikuwa wamemkubalia: mwezi ujao, profesa akishastaafu, funguo za kabati anakabidhiwa yeye. Kwa hiyo mume wangu alikuwa mbioni kutoa kitabu kwanza. Alikuwa hali vizuri, na shati lake siku ile lilikuwa la jana.

Nikamfukuza nikaanza kazi.

Kuchora kigae si kazi ya kubuni. Unapima unene, unafuata ukingo, unaweka nukta pale penye nukta. Kanuni ni moja, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe: chora unachokiona, usichore unachokijua. Nikachora cha kwanza mpaka saa nne hivi. Nikafika kwenye alama nyekundu, nikachukua kioo cha kukuzia.

Chungu kikitiwa rangi na mwenyewe halafu kikavunjika, rangi huishia pale kilipovunjikia, na ukingo uliovunjika unabaki udongo mtupu. Hii haikuishia pale. Ilikuwa imepita juu ya ukingo ikateremka kwenye unene wa kigae, ikagandia hapo kama tone. Maana yake ni kwamba aliyetia rangi alikipaka kigae baada ya chungu kuvunjika. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, yenye kung'aa kidogo, na katikati ya nukta palikuwa na mistari myembamba ya brashi ndogo.

Nikatazama kucha zangu. Siku hizi hazina rangi. Lakini nilijua ile chupa ilikuwa na umbo gani, na kifuniko chake kilikuwa cheupe, na aliyeninunulia ni shangazi yangu siku nilipomaliza chuo, akaniambia nisiende porini nikarudi na mikono ya mchimba kisima.

Kisha nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, mpaka mlinzi akachungulia mlangoni kuuliza kama niko salama.

Nikueleze. Msimu ule wa kwanza kambi yetu ilikuwa ubavuni mwa Hame Kubwa, upande wa mashariki. Wenzangu walikuwa wakizunguka bonde zima, wakirudi na magunia ya vigae kutoka mahame yote. Mimi nilikaa hemani nikihesabu. Kigae chenye mdomo wa chungu au nakshi kinawekwa. Kisicho na kitu kinahesabiwa, kinapimwa uzito, kinatupwa. Jioni moja mume wangu, wakati huo hajawa mume wangu, alikuwa mhadhiri kijana mwenye ndevu chache na majivuno mengi, akaja na daftari langu mbele ya watu wote akasema, "Gunia ni moja, lakini hesabu ya leo na ya jana hazikubaliani. Unahesabu mara mbili."

Sikuwa nahesabu mara mbili. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na machozi yalinilenga. Kuanzia kesho yake nikawa napanga vigae kumikumi, na kila cha kumi nakitia nukta ya rangi ya kucha kwa ndani. Mwisho wa siku nahesabu nukta tu. Hakukuwa na namna ya kukosea. Yeye akaona hesabu zimenyooka, akasema, "Umeona? Ukitulia unaweza." Hakuuliza nimefanyaje.

Na tulipovunja kambi palikuwa na magunia sitini na kitu ya vigae vya kutupwa. Mkulima mwenye shamba la jirani akatuomba tumwagie kwenye njia yake, maana trekta lake lilikuwa likikwama kila mvua ikinyesha. Tukamwaga. Mhadhiri wetu alikuwa ameshatangulia mjini, lakini mimi niliona kwa macho yangu, dereva wa lori akirudi nyuma taratibu. Halafu trekta likalima pale msimu baada ya msimu, miaka mitano, likivuta vigae huku na huko, mpaka wanafunzi wakaja na vijiti vyao, wameinama, macho chini, wakakuta vigae haviishi.

Kwa hiyo mtaa wa mfalme ni takataka zetu. Ushuru wa vijiji vyote tuliuleta sisi kwa lori. Fungu la kumi ni mimi.

Na vijiti vyangu vilikuwa sawasawa. Miaka ishirini na minane nimetembea na kasoro isiyokuwa yangu.

Nikachora vigae vyote saba, kimoja kimoja, na kila tone lililoteremka kwenye ukingo nikaliweka mahali pake.

Nyumbani nilimkuta sebuleni, karatasi zimetapakaa mpaka chini ya viti. Nikamwekea michoro juu ya meza. Akavaa miwani, akatabasamu, kisha tabasamu likaisha.

"Hapa rangi imevuja."

"Haikuvuja. Imepakwa."

"Juu ya mpasuko? Haiwezekani, Mama Mwalimu. Umekosea."

Kukosea, neno hilo. Angeweza kuchagua neno lolote katika lugha nzima, akachukua lile. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikamweleza yote: shangazi, chupa, kumikumi, magunia, dereva wa lori. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu. Yeye alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa kuleta kazi.

"Sikumbuki rangi yoyote," akasema.

"Hukumbuki kwa sababu hukuuliza."

"Ungekuwa umefanya jambo kama hilo ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Ulishaniambia sijui kuhesabu!"

"Mimi? Sijawahi kusema hivyo."

Jamani. Kuna watu wanaweza kukueleza mtu aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita alikuwa anapokea vyungu vingapi kwa mwaka, lakini hawakumbuki maneno yaliyotoka vinywani mwao wenyewe.

"Unajua wakati mwingine rangi za kale zina mafuta," akaendelea, "zinatembea. Jua likipiga..."

"Zinatembea zikapanda ukingo?"

"Chora upya bila hilo tone. Ni dosari ya uhifadhi tu, itawachanganya wasomaji."

"Chora unachokiona," nikamwambia. "Nani alinifundisha?"

Akakusanya karatasi zake akaenda chumbani akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga polepole, na hilo lilinikera zaidi.

Alhamisi mchana binti yetu akapita kutoka shuleni. Anafundisha hesabu kidato cha pili, na uvumilivu wake wote huumalizia huko. Akamkuta baba yake upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine, chai imepoa, sanduku la vigae katikati yetu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Mfalme," nikasema.

"Hajafa!" akasema baba yake.

Nikamweleza binti. Akavuta karatasi ya nyuma ya kitabu cha baba yake, akaandika ukubwa wa mahame yote kumi na moja. Kwenye tisa akaweka nne na nusu yangu. Akapiga hesabu akitafuna kofia ya kalamu, tabia ambayo nimemkataza tangu yuko mdogo.

"Baba, yanatoshana," akasema. "Kubwa kuliko yote ni nne na nusu, dogo kuliko yote ni tatu na nusu. Hapa hakuna mkubwa. Ni majirani."

"Majirani hawajengi ufalme," akasema mume wangu.

"Ndiyo maana yake, Baba."

Akavua miwani akayasugua macho. Nilimhurumia, na kule kumhurumia kukanikasirisha upya. Ni nani aliyeonewa hapa? Ni mimi niliyeambiwa nina kasoro kwa herufi ndogo, lakini yeye ndiye mwenye uso wa mfiwa.

"Hayo ni maneno tu," akasema. "Mama yako anakumbuka hiki, mimi nakumbuka kile. Huwezi kuuangusha ufalme kwa kumbukumbu ya mtu mmoja."

Nikainuka nikaenda dukani. Sikuaga. Duka lipo kona ya mtaa, la vipodozi na vocha za simu, na msichana wa pale akashangaa kuniona nikiulizia dawa ya kutolea rangi ya kucha. "Mama, una sherehe?" akauliza. Nikamwambia nina mazishi. Akanipa pole, akanifungia na pamba.

Niliporudi nikaiweka chupa mezani.

"Hapana," akasema mume wangu kabla sijafungua mdomo. "Hapana, hapana, hapana. Hivi ni vitu vya kale."

"Baba," binti akasema, "kama ni rangi ya kale ya mawe yaliyosagwa, dawa hii itaifanya nini? Si itabaki vile vile? Basi unaogopa nini?"

Ana ulimi wa bibi yake yule mtoto, na siku nyingine huwa namkemea. Siku ile nilimwongezea chai.

Mume wangu alivitazama vigae saba kimoja baada ya kingine, akachukua kidogo kuliko vyote, kilichokuwa na nukta iliyofifia. Akakishika mwenyewe, hakuniachia. Akamimina dawa kwenye pamba, na ile harufu kali ikajaa chumbani, na mimi nikawa nimerudi hemani, nina miaka ishirini na mitatu, nimekaa juu ya debe, nimekasirika.

Akapitisha pamba mara moja.

Kigae kikabaki safi, cha udongo mtupu. Pamba ikawa na doa jekundu la damu ya mzee.

Akachukua cha pili. Ikatoka. Akachukua cha tatu, na hapo nikamshika mkono.

"Basi," nikamwambia. "Viache vingine. Darubini atataka kuona."

Kwa kusikia jina hilo akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona amenielewa. Mwezi ujao yule msichana angefungua kabati. Angekiweka kigae chini ya kifaa chake, angeona mistari ya brashi, na kuanzia hapo mume wangu angekuwa kichekesho cha kila mkutano mpaka siku anaingia kaburini. Kitabu kingekuwa kimeshatoka, hakirudi tena. Kama ni kusema, ilibidi aseme yeye, tena kabla ya kesho saa sita.

"Miaka ishirini na minane," akasema, pamba bado mkononi.

"Najua. Nilikuwepo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Naapa nilitaka kumpiga na sanduku. Binti alinitazama haraka, akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikavuta pumzi.

"Baba Mwalimu," nikasema, "mwaka wa kwanza hukuuliza. Mwaka wa tano ulisema vijiti vyangu vina kasoro, na sikuwa na nguvu ya kubishana kwa sababu nilikuwa nakuamini wewe kuliko nilivyojiamini mimi. Vigae hivi ulivifungia. Nimeviona jana. Jana hiyo hiyo nikakuambia, ukaniambia rangi zinatembea."

Kisha akainuka, akaenda kwenye rafu ya chini kabisa, ile ya majalada yaliyoliwa pembe, akapekua mpaka akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ramani yangu ya msimu wa kwanza. Sikujua kwamba bado anayo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri zamani. Kila kijiti kilikuwa na namba yake, na upande wa mashariki, baada ya kijiti cha mwisho, nilikuwa nimeandika: kuanzia hapa vigae hakuna, shamba tupu.

Aliisoma mara kadhaa.

"Shamba tupu," akasema.

"Lilikuwa tupu. Tukalijaza."

"Tena niliamini kwamba kilichotiwa nukta kimehesabiwa," akasema polepole. "Mimi niliandika hivyo. Kwamba alama inaonyesha kitu kimehesabiwa na kupokelewa."

"Hapo hukukosea," nikamwambia. "Kilihesabiwa. Na mimi."

Nilidhani atakasirika, lakini alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekalia mwiba, na binti akacheka, na mimi nikajikuta nacheka ingawa sikuwa nimemsamehe hata robo.

Ijumaa saa mbili asubuhi akampigia simu mhariri. Nilikuwa naosha vyombo, nikapunguza maji nisikie vizuri.

"Shikamoo Profesa, michoro tayari?" ikasikika sauti ya mhariri, mtu wa haraka ambaye husema kama anakimbilia basi.

"Marahaba. Michoro iko tayari. Toa sura ya sita."

"Nitoe? Profesa, sura ya sita si ndiyo ya mfalme?"

"Hiyo hiyo. Na ya saba, ya ushuru. Na jina la kitabu libadilishwe, nitakupigia. Mwanzoni utaweka ukurasa mmoja, naandika sasa hivi."

"Profesa, kitabu kitabaki na nini?"

Akanitazama nilivyosimama na sahani mkononi. "Kitabaki na vijiji kumi na moja vinavyotoshana," akasema, "vilivyokaa jirani muda mrefu bila mtu mmoja kuvikalia. Hilo nalo ni gumu kulieleza. Huenda ni gumu kuliko mfalme." Kisha akakata simu, akaonekana mdogo ndani ya shati lake, lakini shati lilikuwa la leo.

Aliandika pale pale kwenye meza ya jikoni, akifuta na kurudia, na mimi nikawa napita nyuma yake na kitambaa nikijifanya nafuta kabati. Saa nne na nusu akanisukumia karatasi.

"Soma. Nimesema yote."

Kweli alisema yote, na alisema kiume, hakujificha nyuma ya wanafunzi wala mkulima wala mchwa. Aliandika kwamba upande wa mashariki wa Hame Kubwa si mji bali ni vigae vilivyomwagwa na kambi yake mwenyewe. Aliandika kwamba kipimo cha hekta tisa ni batili na cha msimu wa kwanza ndicho sahihi. Aliandika kwamba hapakuwa na ufalme, na kwamba aliutaka sana kiasi cha kutouliza maswali ya kawaida. Niliposoma hapo macho yaliniuma, sifichi.

Kisha nikafika aya ya mwisho. "Alama nyekundu," aliandika, "zilitiwa kwa rangi ya kucha na msaidizi mmoja wa kambi, ambaye pia ndiye aliyefanya kipimo sahihi, kwa ajili ya kurahisisha kuhesabu."

Nikairudia. Msaidizi mmoja wa kambi.

Nimezaa na mtu huyu. Nimemfulia vumbi la bonde lile kwenye soksi miaka ishirini na minane. Jana tu nilimshika mkono asiteketeze ushahidi uliobaki. Na hapo alipokaa alikuwa akinitazama kwa matumaini, kama mtu aliyemaliza kazi nzuri, anasubiri kusifiwa.

"Vipi?" akauliza. "Kuna kasoro?"

"Ipo moja," nikasema. "Kalamu."

Akanipa. Nikakata maneno "msaidizi mmoja wa kambi" kwa mstari mmoja ulionyooka, maana mkono wangu ni wa mchoraji, na juu yake nikaandika jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa herufi zile zile za ramani. Nikakata pia "kwa ajili ya kurahisisha kuhesabu," nikaandika: "kwa sababu aliambiwa hajui kuhesabu." Kisha nikamrudishia.

Alisoma taratibu. Masikio yalimwiva. Akafungua mdomo kutaka kusema kitu, nikadhani ni ule wimbo wa kutokumbuka, na nikawa tayari kwa vita. Lakini alikuwa ameweka kidole juu ya jina, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ni majina matatu," nikamwambia. "Usiyahesabu mara mbili."

Akaikunja karatasi, akavaa viatu, akaipeleka mwenyewe kabla ya saa sita.